Kidole Badala ya Ziwa

Mwanangu Ilham,

Maziwa ya mama yako yanatosha. Yalitosha tangu siku ya kwanza. Nimelitanguliza neno hili hata kabla ya salamu, na sababu yake nitakueleza mwishoni, nikijaaliwa kufika.

Sasa salamu. Una siku arubaini na sita tu duniani, kwa hiyo salamu zako ni fupi: natumai umelala, na kama hujalala, natumai umeshiba. Mimi niko ofisini, Vuga. Wenzangu wameshaondoka tangu saa tisa na nusu. Mlinzi amepita mara mbili kuniuliza kama nimebakishiwa kazi, na mara zote mbili nimemjibu, "Naam, kidogo tu," huku nikiifunika karatasi kwa mkono kama mtoto wa skuli anayeogopa kuibiwa majibu. Karatasi si ya serikali. Nimetoka mchana mpaka Mlandege nikanunua daftari zima, kwa sababu niliogopa kuandikia barua yangu kwenye karatasi ya ofisi. Mtu akilijua hilo atadhani mimi ni mwaminifu sana. Nimeishi miaka ishirini na saba nikiwaacha watu wadhani hivyo.

Kesho saa mbili asubuhi gari itasimama chini ya ghorofa yetu, Michenzani, ikuchukueni wewe na mama yako mwende Makunduchi kwa bibi yako. Hatujaambiana ni kwa siku ngapi. Mama yako amefunga nguo zako zote, hata zile za miezi sita ambazo ukivalishwa sasa unapotea ndani. Nimeziona ndani ya begi.

Sitakuandikia habari za nepi, wala kofia, wala upepo wa huko. Bibi yako amelea watoto saba. Hana haja na maelekezo yangu, na maelekezo yangu ndiyo yaliyotufikisha hapa. Nataka tu kukueleza nilivyokukosea, wewe na mama yako, na nijitahidi kutoruka kitu.

Kwa desturi ya akina mama yako, mwanamke akijifungua mara ya kwanza hurudi kwao akakae arubaini mikononi mwa mama yake. Bibi yako, Bi Mwanaidi, alikuja siku ya tatu kukuchukueni. Alikuja na kapu lake: pilipili manga ya kutia kwenye uji wa mzazi, mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, na kanga mbili kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akapita moja kwa moja mpaka kitandani, akakunusa utosini kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Haya, baba, nipakieni watu wangu."

Nikakataa. Nilikataa kwa adabu. Nilisema njia ni ndefu, mama yako Zuhura bado ana nyuzi za mshono, na hapa mjini kliniki iko karibu. Zote zilikuwa sababu za kweli, na hata moja haikuwa sababu yangu. Sababu yangu ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa kabati la nguo.

Miezi mitatu kabla hujazaliwa nilikuwa nikisoma kwenye simu namna ya kumzoesha mtoto mchanga saa za kunyonya na saa za kulala. Nilisoma kama nilivyokuwa nikisomea mitihani, kwa hofu. Wanaoandika mambo hayo hawakubaliani wenyewe kwa wenyewe: mmoja anasema mfuate mtoto, mwengine anasema mtoto akufuate. Nikamchagua aliyekuwa na jedwali. Nikalichora upya kwa rula: saa, ziwa la kulia au la kushoto, dakika, usingizi, nepi. Saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili, mchana na usiku, jumla mara nane. Kila mstari na kisanduku chake cha tiki, na karatasi mpya kila wiki. Nikalitazama nikaona moyo wangu umetulia. Hujazaliwa bado, na mimi nshatulia.

Bibi yako alisimama mbele ya kabati akaisoma karatasi ile yote, juu mpaka chini. Akageuka.

"Baba, huyu ni mtoto au ni gari ya shamba?"

"Vipi, mama?"

"Nnaona ana saa za kuondoka na saa za kufika."

Mama yako akacheka mpaka akajishika tumbo. "Mama, usinchekeshe, nyuzi zitakatika!" Mimi pia nilicheka, kwa midomo. Kisha nikamweleza bibi yako kwamba mtoto akizoeshwa mapema mama hupata kupumzika, na kwamba kulia si lazima iwe njaa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata, akasema, "Sawa. Nyie mmesoma. Lakini huyu mwenzenu hajasoma, msije mkamsahau." Akakaa nasi, akimkanda mama yako kwa maji ya moto asubuhi na jioni, mpaka ukanyolewa nywele siku ya saba. Kisha akarudi Makunduchi, kwa sababu bamvua, yale maji yanayokupwa mbali, lilikuwa linaingia na mwani wake ulikuwa tayari kuvunwa. Kapu aliliacha.

Hapo nyumba ikawa yangu na jedwali langu.

Kuna mchana mmoja sitausahau. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Ulikuwa unalia, si kwa kelele, kwa kile kilio chako cha kukatakata, na mama yako amekubeba amesimama mlangoni mwa chumba.

"Baba Ilham, ana njaa huyu."

"Kanyonya saa sita. Bado dakika arubaini."

"Wewe unatazama saa. Mie nnatazama mdomo."

"Tukikubali leo, kesho atajua akilia anapewa."

"Kwani akilia asipewe, alilie nini?"

Kilio chako kilikuwa kimeshamfikia kifuani. Maziwa yalipita kwenye kanga, doa la mviringo likawa linakua mbele ya macho yangu. Nikatazama saa ili nisitazame doa. Dakika arubaini zile tulizimaliza wote watatu. Ilipotimia saa tisa ulikuwa umeshachoka, ukanyonya kidogo ukalala. Niliandika: dakika saba. Nilisikitika kwamba zilikuwa saba na si kumi na tano. Hicho ndicho nilichosikitikia siku ile.

Lakini hilo mama yako analijua, alikuwepo. Ninalotaka kukwambia ni lile asilolijua.

Zamu ya saa tisa ya usiku niliichukua mimi. Tulikubaliana kwamba nikuamshe, nikuweke kwenye ziwa la mama yako akiwa amelala ubavu, nishike saa, niandike, nikurudishe. Siku za mwanzo nilifanya hivyo. Kisha nikaanza kumwonea huruma. Alikuwa analala mdomo wazi, mkono mmoja umenyooshwa upande wako, kama mtu aliyeangushwa na usingizi njiani. Huruma ile ilikuwa ya kweli na sitaki kuikana. Ila haikuwa peke yake. Nilijua pia kwamba nikimwamsha yeye utachangamka na wewe, na safu ya usingizi itaharibika, na mimi nilitaka safu ile ijae.

Kwa hiyo nikakupa kidole changu kidogo. Nilikiosha kwanza kwa sabuni, maana mimi ni mtu mwangalifu. Ulikidaka ukakivuta kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa kiumbe mdogo namna ile. Ukasita. Ukavuta tena. Ukasita muda mrefu zaidi, kama anayegonga mlango na kusikiliza. Kisha ukachoka, ukalala, kidole bado kinywani. Nikakulaza, nikaenda kabatini, nikaandika: saa tisa, kulia, dakika kumi na tano. Tiki.

Sikufanya mara moja. Nilifanya karibu wiki mbili.

Ukikua utataka kujua kwa nini niliandika uongo kwenye karatasi yangu mwenyewe, nyumbani kwangu, wakati hakuna mkaguzi anayekuja. Nimejiuliza swali hilo siku nyingi, na kila nikijiuliza namuona Bi Tatu.

Kabla ya kazi hii nilikuwa karani wa muda kwenye kitalu kimoja cha miche ya mikarafuu, huko mashamba. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Bi Tatu alikuwa mama wa makamo, kazi yake kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche. Alikuwa akinitania kila asubuhi: "Bwana karani, leo umeamkaje na hiyo kalamu yako? Ishaota mizizi?" Kulikuwa na mtu wa kumwagilia, ambaye siku nyengine alikuja na siku nyengine hakuja, na mfereji ambao nao siku nyengine ulitoa maji na siku nyengine haukutoa. Na kulikuwa na daftari la umwagiliaji, asubuhi na jioni, nililolishika mimi. Siku yangu ya kwanza mkubwa wa pale aliniambia, kwa wema kabisa, "Kijana, daftari lenye pengo lina maswali. Daftari lililojaa halina."

Nikawa najaza. Kila Alkhamisi alasiri nakaa kivulini natia tiki za wiki nzima, kwa mwandiko mzuri.

Msimu wa jua kali miche ikaanza kunyauka, safu baada ya safu. Wakaja wakubwa kutoka mjini. Wakafungua daftari langu: mara mbili kwa siku, hakuna siku iliyorukwa. Wakaangaliana. "Basi ni udongo." Wakamwita Bi Tatu.

"Udongo wangu ni ule ule wa mwaka jana, baba zangu," akasema. "Miche ina kiu."

"Kiu? Hebu njoo utazame hapa."

Wakamwonyesha ukurasa ambao hakuweza kuusoma. Akautazama hata hivyo, kwa heshima. Kisha akanitazama mimi niliyelishika daftari.

"Bwana karani, si useme."

Nikasema, "Daftari ndivyo linavyosema, Bi Tatu."

Akaondoshwa kwenye udongo, akapewa ufagio. Tangu siku ile hakunitania tena. Aliniitikia salamu tu, na hiyo ilikuwa adhabu yangu yote. Nilijiapia kwamba sitajaza tena kisanduku cha jambo ambalo halikufanyika. Kwa hiyo usije ukadhani, mwanangu, kwamba baba yako alikosea kwa kutojua. Somo hili nilikuwa nishalipata zamani. Bi Tatu ndiye aliyelilipia, na mimi nikalisahau kwa sababu halikuniuma mahali pa kutosha.

Basi wewe ukatulia. Wiki ya tatu ulikuwa hulii tena kabla ya saa. Ulikuwa hulii sana hata saa ikifika. Unalala, unaamshwa, unanyonya mara chache, unalala. Nilifurahi, Ilham. Naandika neno hili na mkono unataka kulikwepa. Niliamini jedwali limefanya kazi. Ofisini nilijisifu. Bi Saada, mwenzangu wa meza ya pili, mama wa watoto watano, aliniuliza, "Ehe, mzee wa nepi, unalala?" Nikamwambia tunalala sote, hakuna kilio saa tano mfululizo, mashaallah. Akaacha kupiga muhuri.

"Mtoto wa wiki mbili na siku?"

"Naam."

"Huyo ama ameshiba sana ama amekata tamaa."

Ofisi nzima ikacheka, na mimi pamoja nao. Lakini yeye hakucheka. Akasema, "Muamsheni, bwana we," akaendelea na mihuri yake. Jioni ile nilikutazama sana. Nikaona mashavu yamelegea. Nikajiambia ni taa.

Siku ya ishirini tukakupeleka kupimwa. Uliwekwa kwenye mizani bila nguo, ukanyoosha mikono ghafla kama unayeanguka, na muuguzi akatazama mizani, akatazama kadi, akatazama mizani tena. Ulikuwa pungufu ya uzito uliozaliwa nao.

"Ananyonya mara ngapi?" akamuuliza mama yako.

"Mchana ananyonya, kwa saa," mama yako akasema. "Usiku... mie naona kama haamki. Nikizinduka nakuta kumekucha."

Ulikuwa ukweli mtupu. Alikuwa ameshausema, kwa sauti yake ndogo ya mbele ya wakubwa. Na mimi nikafungua mkoba.

"Nina kumbukumbu zote," nikasema.

Muuguzi akazikunjua mezani, akapitisha kidole. "Mara nane. Saa tisa usiku, dakika kumi na tano, kila siku." Akaniangalia. "Hongera, baba. Wangekuwa wote hivi tusingepata tabu." Kisha akamgeukia mama yako, na sauti yake ikawa ya upole, na upole ule ndio uliomaliza. "Basi kunyonyeshwa ananyonyeshwa, dada. Wewe husikii tu kwa uchovu. Itakuwa maziwa yako ni mepesi, hayamtoshi. Mwongezee ya kopo."

Usimlaumu yule mama muuguzi. Alisoma alichopewa, na aliyempa ni mimi.

Pale pale ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Maneno matatu: saa tisa nilidanganya. Nimeyahesabu mara nyingi tangu siku ile. Mama yako aliinama akafunga vifungo vya buibui lake, kimoja kimoja, mpaka shingoni, ingawa chumba kilikuwa na joto la kupika. Mimi nikazikunja karatasi zangu vizuri, nikazirudisha kwenye mkoba. Tulipotoka nilisimama Mlandege nikanunua kopo la maziwa ya unga na chupa mbili, yeye akanisubiri nje, amekubeba, amekuelekeza uso kwake.

Ulikunywa chupa ile ya kwanza bila kupumua. Ukaongezeka. Kila aliyekuona akashukuru, na mimi nikashukuru, na sitajuta kamwe kwamba ulishiba, uwe umeshibishwa na chochote kile. Lakini mama yako alilitazama lile kopo juu ya meza kama mke mwenza. Siku moja akaliambia, akidhani simsikii, "Kumbe mwenzangu ndiye mwenye maziwa." Kifua kikawa kinajaa na kumuuma, naye anajikamulia kwenye kitambaa, chooni, mlango umefungwa. Kitambaa akakifua mwenyewe. Alipozungumza na bibi yako kwa simu nilikuwa chumba cha pili, na mama yako alikuwa ameiweka simu kwa sauti.

"Mama, mie sina maziwa."

"Huna vipi? Nimekukanda kwa mikono yangu, nikayaona."

"Yapo, lakini mepesi."

"Nani kakwambia?"

"Imeandikwa, mama."

Bibi yako akaguna. Kisha akasema, "Ikisha arubaini, mje. Ziwa likinyonywa hurudi. Likisusiwa na lenyewe hususa." Safari hii sikukataa.

Jedwali nililibandua siku ile ile ya kliniki, kimya kimya. Pamebaki alama nne za gundi kwenye mlango wa kabati. Na tangu nilipoacha kulitazama ndipo nikaanza kukuona wewe. Nimejua kwamba kabla hujalia huwa unageuza kichwa kulia mara mbili, unatafuta. Ukikosa unaweka ngumi mdomoni. Kilio ni cha mwisho, ni pale ulipokwisha kuomba kwa kila njia. Mama yako aliyajua hayo tangu siku ya tatu, bila kusoma popote. Nimejua kwamba hupendi shuka baridi, na kwamba ukishiba kweli mkono unafunguka, vidole vyote vitano. Katika wiki zile mbili za saa tisa sikumbuki kuona mkono wako umefunguka. Ulilala umekunja ngumi.

Jumatano iliyopita nilirudi mapema. Nilivua viatu nje nikaingia bila kelele, nikidhani mmelala. Mama yako alikuwa sakafuni, nyuma ya pazia, mahali ambapo huwa hatukai. Ulikuwa kwenye ziwa lake. Aliponiona alikuchomoa haraka, akajifunika kanga, kama mtu aliyekutwa na kitu cha mwenzake.

"Simnyonyeshi," akasema. "Nnambembeleza tu. Nshampa la kopo, wallahi, saa sita nilimpa."

Maziwa yalikuwa yakikuchuruzika kidevuni. Meupe, mazito, yakashuka mpaka shingoni. Mkono wako mmoja ulikuwa juu ya kanga, umefunguka.

Mama yako aliniapia Mungu, kwa kumnyonyesha mwanawe.

Na mimi nikasema, "Sawa." Hilo ndilo neno nililolipata. Nikaenda jikoni nikafungua mfereji, nikaacha maji yamwagike.

Nimejaribu kumwambia mara tatu tangu siku ile. Mara ya kwanza nilimwita, akaja, nikamuuliza kama sukari ipo. Mara ya pili nilianza vizuri, "Zuhura, zile karatasi," akasema, "Zimepotea? Nikutafutie?" na nikasema basi. Mara ya tatu ilikuwa jana. Alikuwa anakunja zile nguo za miezi sita, akaniangalia kama anayengoja, na nikaogopa kwamba nikisema hatarudi. Kisha usiku nikafahamu kwamba nisiposema pia hatarudi, ila atakwenda akiamini kosa ni lake, na atayaacha maziwa yakauke huku kifua chake kimejaa. Nikitafuta tofauti ya njia hizo mbili naona ni moja: katika ya pili mimi nabaki mtu mwema.

Sina nasaha nyingi za kukupa. Nina moja tu, na nimeipata kwa gharama ya watu wengine. Ukikua, ukamkuta mtu anasema ana kiu na karatasi inasema alikunywa, mpe maji kwanza. Karatasi utaisoma baadaye. Na ikiwa kalamu ni yako, acha pengo. Pengo lina maswali, ni kweli, alivyosema yule mkubwa wangu. Lakini maswali yale, laiti muuguzi angeyauliza, mama yako asingefunga vifungo vile.

Jua limeshatoka mezani. Mlinzi sasa amekaa mlangoni kabisa, anachezea funguo zake ili nisikie. Nitafika nyumbani kabla ya magharibi. Nikiswali, nitamwomba mama yako akuweke kwenye ziwa, si nyuma ya pazia, hapo kitandani, na nitakaa miguuni penu nikusomee barua hii kwa sauti. Wewe hutafahamu neno. Sikuandika kwa ajili ya ufahamu wako wa leo. Nimekuandikia wewe kwa sababu yeye siwezi kumtazama usoni nikasema, na wewe naweza. Huo nao ni woga, nakiri, lakini ndio njia pekee ambayo woga wangu umekubali kupita.

Nakujua siku hizi hushiki saa. Yumkini utalia nikiwa mstari wa pili. Zamani ningekwambia ungoje nimalize. Na mimi najijua: ukilia nitafurahi moyoni kupata kisingizio, nitaikunja barua, nitaitia mfukoni, nitasema, "Tutaendelea akilala," na kesho saa mbili gari itapiga honi chini. Ndiyo sababu maziwa ya mama yako nimeyaweka juu kabisa, kabla ya salamu. Mstari huo ukishasomwa, hata barua ikikatika hapo hapo, Zuhura atainua uso aniulize, "Umejuaje?" Na mimi sitakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Itanibidi nijibu kwa mdomo.

Basi lia, mwanangu. Lia saa yoyote.

Baba yako